Honi ya Mama Wakio

Honi ilisikika kabla ya kuonekana chochote. Wanawake waliokuwa wakiteremka kutoka Wundanyi na mizigo ya kabichi waliruka mtaroni, kama inavyompasa kila mwenye akili katika kona ya Josa, wakasubiri lori lipite. Lori halikupita. Aliyetokeza kwenye kona alikuwa Tryphena, Mama Wakio, leso kiunoni, mkono wa kuume umekunjika kifuani kama bawa la kuku aliyechinjwa.

"Kumbe ni wewe, Mama Wakio," alisema Syombua, Mkamba aliyezoea kupanda mlimani kununua mboga za kuuza Voi. "Umetumwagia kabichi."

"Nisameheni. Nikifika kwenye kona hulia yenyewe."

"Basi tangulia, utusafishie njia."

Wakacheka, wakaokota kabichi zao, wakaendelea na safari.

Habari yenyewe haikuwa na siri. Mwezi wa Machi, mwaka 1956, lori la kampuni moja ya kubeba mizigo lilimgonga Tryphena papo hapo, mchana kweupe. Halikupiga honi. Dereva, Munyao, alishuka akamfunga mkono kwa shati lake mwenyewe, akampakia juu ya magunia ya viazi huku akilia. Njiani alimwambia kwamba honi ilikuwa imekufa tangu Krismasi, na kwamba bwana wake alikuwa ameelezwa mara nyingi hata akachoka kusikia. Walipofika Voi, fundi alifungua boneti akakuta mahali pa honi ni patupu. Honi ilikuwa imekwisha kuhamia kifuani mwa Tryphena. Ilianza kulia alipopata fahamu, na wauguzi wakamsogeza hadi kitanda cha mwisho, wagonjwa wengine wapate usingizi.

Mbavu zilipona. Mfupa wa mkono uliunga vibaya. Mjane mwenye shamba la mteremko hawezi kulima kwa mkono mmoja, jembe humgeuka. Daktari alisema kwamba Mombasa yuko mtu anayeweza kuuvunja tena mfupa huo na kuunyoosha. Basi Tryphena aliidai kampuni fidia: huyo daktari, na kibarua wa kumlimia mpaka apone. Huruma hakuiomba. Huruma alikuwa nayo tele. Majirani walimletea kila Jumapili baada ya ibada.

Hakimu wa kuzunguka aliketi Voi, katika chumba cha kuazima karibu na stesheni. Kampuni ilimtuma karani wake, Phineas, kijana wa Kidawida, Mtaita wa milimani, aliyevaa soksi ndefu na kusema kwa sauti ya mtu anayesoma.

"Munyao," aliuliza Phineas, "ulipofika kwenye kona, ulipiga honi au hukupiga?"

Munyao alikuwa na watoto Kibwezi, nao walikula kila siku. Alitazama viatu vyake.

"Nilipiga, bwana."

Hapo honi ikalia kifuani mwa Tryphena, kali na ndefu, hata abiria wa stesheni wakakimbilia mabehewa wakidhani treni inaondoka. Hakimu alingoja inyamaze. Kisha akauliza ni honi ya nani.

"Ya kampuni, mheshimiwa," alisema Phineas. "Na kama ulivyosikia, ni nzima."

Hakimu aliamua kwamba honi inafanya kazi, kwamba imesikiwa na wote waliokuwamo, na kwamba mwanamke aliyeshindwa kuikwepa sauti kubwa namna ile ajilaumu mwenyewe. Fidia hakuna. Tena akaamuru honi irudishwe kwa mwenyewe.

Fundi wa kampuni alipanda hadi Josa na spana. Aliweka sikio kifuani mwa Tryphena kwa adabu, akasema honi ni ile ile, ila haoni bolti za kufungua.

Ndipo Phineas alipokumbuka kwao. Kila Mdawida anajua kutasa: mwenye kinyongo hupiga funda la maji, huyapuliza nje na kutamka heri, na hasira hutoka pamoja na maji. Mdomo ukisema heri huku moyo unakataa, ni bora mtu asingetasa kabisa. Phineas aliona kwamba hasira ikitoka, honi nayo itatoka. Akampelekea Mzee Mwandawiro, shemeji mkubwa wa Tryphena, blanketi jipya, na asubuhi moja wakaenda wote wawili kwa mjane.

"Shemeji, kinyongo hufukuza mvua," alisema Mzee Mwandawiro, blanketi begani. "Samehe. Hata kanisani mnafundishwa."

"Kanisani tunafundishwa pia kumrudishia mtu kilicho chake. Mkono wangu uko wapi?"

"Mkono ni mapenzi ya Mungu."

"Na honi?"

"Honi ni ya kampuni," alisema Phineas.

Tryphena alipokea kata ya maji kwa mkono wa kushoto, akapiga funda. Phineas alitandaza gunia chini ili honi isije ikaingia mchanga. Tryphena aliwatazama mmoja mmoja, mashavu yamejaa. Kisha akayameza maji.

Mzee Mwandawiro alijifunika uso kwa blanketi. Honi ililia hadi jioni.

Kampuni haikununua honi nyingine. Mwenye kampuni aliona haina haja, maadamu pale konani yuko mwanamke anayelia bure. Honi za malori mengine zilipokufa, nazo hazikutengenezwa. Tryphena alikwenda kusimama pale kila asubuhi watoto wa shule wakipita, si kwa kuipenda kampuni, bali kwa kuwa watoto hawana kosa. Shamba lake likaota magugu.

Siku moja Munyao alisimamisha lori akashuka, kofia mkononi.

"Mama, moyo wangu hautulii. Nitasie, hata kwa funda dogo."

"Bwana wako amenunua honi?"

"Hajanunua. Anasema wewe upo."

Tryphena aliushika mkono uliokunjika kwa ule mzima.

"Sikia, Munyao, mwanangu. Siku utakayosimama mbele ya hakimu ukasema kweli, nitatasa watu wote wakiona, na honi nitakutia mkononi. Kabla ya siku hiyo, nakuahidi, hata mkinizika mtaisikia."