Mlango wa Mama Sudi

Modesta, mwalimu pale Ufukoni, alibakiza ukurasa mmoja tu riwaya yake iishe, na ukurasa huo ulimtoa jasho. Riwaya ilitokana na podikasti yake ya kutisha, iliyosikilizwa mpaka Masasi. Podikasti iliishia pale mzimu wa mvuvi unapobisha kwa mama yake: "Mama, nifungulie. Nimelowa." Basi, kimya. Mchapishaji hakutaka kimya. Wachapishaji bwana, hadithi wanaitaka imeshatafunwa.

Aliyeigiza mzimu ni Sudi wa Mikindani. Wiki mbili baada ya kurekodi, Sudi alikwenda Mnazi Bay kuzamia pweza, hakuonekana tena. Mama yake, Bi Mwajuma, alikataa katakata hitima isomwe. Kutwa alishinda na simu sikioni, akimsikiliza mwanawe akibisha.

"Mwalimu," alimwambia Modesta, "usiniulie mtoto kwenye kitabu chako."

Modesta alimhurumia mno. Leo mchana akaandika: Mama akasikia hodi ya mwanawe, akainuka kumfungulia. Hapo akakwama. Katika hadithi yake, kila aliyeufungulia mzimu ule alikutwa amekufa kitandani, mapafu yamejaa maji ya chumvi.

Simu ikaita. Alikuwa Bi Mwajuma, anahema.

"Mwalimu, Sudi karudi! Yuko hapa nje!"

"Umemwona, mama?"

"Namsikia."

Modesta naye akamsikia. "Mama, nifungulie. Nimelowa." Kisha kikohozi kidogo, kile kile alichosahau kukiondoa kwenye rekodi.

"Mama, hiyo ni podikasti. Izime."

"Niizime wapi? Simu yangu ndiyo hii ninayoongea nawe."

Modesta akatafuta swali ambalo rekodi haiwezi kulijibu. "Muulize jina la bibi yake."

Bi Mwajuma aliuliza, kwa upole. Jibu likaja: "Mama, nifungulie. Nimelowa." Na kikohozi.

"Usifungue, mama yangu, nakusihi! Mimi ndiye niliyeandika kwamba unamfungulia. Nafuta sasa hivi."

"Usifute!" Bi Mwajuma alifoka, halafu akaanza kubembeleza. "Ukifuta ataenda wapi tena? Andika ameingia, mwanangu. Andika amekula, amelala. Lakini fanya upesi, maana komeo nimeshalitoa."