Tuta Lisilopaswa Kushiba

Katika wiki ya sita niliona jambo ambalo halikunipendeza. Mjukuu wangu wa kike, anayesomea kilimo chuoni, alikuwa amepanda bamia nyuma ya nyumba katika matuta manne: la kwanza alilitia mbolea ya dukani, la pili dawa ya ukungu, la tatu vyote viwili, na la nne hakulitia kitu ila maji. Hilo la nne ndilo kipimo cha mengine. Likivurugika, ripoti yake ya kumalizia chuo imevurugika. Nalo lilikuwa limenawiri, majani mapana, karibu lilipite la kwanza.

"Bibi, sijaligusa," alisema, akipima mashina kwa rula. "Mwalimu atasema nimepika takwimu."

Nilimshuku jirani yetu, fundi cherehani, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa akichungulia juu ya ua na kukejeli.

"Mama mkubwa, na mimi nikinywa hiyo dawa nitarefuka?"

"Wewe meza ulimi wako kwanza," nilimjibu, huku nikiyakagua makopo yaliyokuwa barazani kwake. Yote yalikuwa na vifungo vya nguo.

Siku tatu nilikaa dirishani nikimenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Fundi hakuvuka ua. Siku ya nne, Jumatano, aliyetoka katika banda la kuku na kopo lililofunikwa kwa gazeti alikuwa mume wangu. Aliinama kwenye tuta la nne, akamwaga samadi mashinani, akaifukia kwa kidole gumba cha mguu.

"Mzee, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Wenzake wanapewa, lenyewe linatazama tu? Katika nyumba yangu?"

Kwa nukta moja nilitamani kunyamaza, maana siku zilizobaki kabla ya kukabidhi ripoti zilikuwa chache. Kisha nilimshika mkono, nikampeleka mezani kwa mjukuu.

Binti alisikiliza, akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akafungua daftari.

"Babu, ulilitilia kiasi gani? Tangu lini?"

"Kopo moja kila Jumatano. Tangu lilipotoa jani la tatu."

Alikata maneno "Bila kitu", akaandika "Samadi ya kuku, kwa huruma", kisha akamwomba mwalimu msimu mmoja zaidi. Wenzake watahitimu kabla yake.

Juzi alipanda upya. Fundi alichungulia, akauliza mbona kiti cha mzee kimehamishiwa upande wa mbele wa nyumba. Ufunguo wa banda la kuku nimeufunga katika pindo la leso yangu.