Upanga wa Mkono wa Kushoto

Emérita alikuwa amekwisha kufua mataulo ya wageni, sasa anakamua shuka kubwa jeupe. Hilo ndilo lingefungwa jioni kati ya miti miwili ya uwanja wa Madamu aliyemwajiri, sinema ionyeshwe. Wazungu wa mashamba ya Masisi hukaa mbele, vitini. Wafanyakazi husimama nyuma ya shuka, na waseme asante.

Mwaka 1947 alitazama kutoka huko huko nyuma, mabegani mwa baba yake, Nzabandora, mchumaji wa pareto. Waliona majeshi ya zamani, magari ya farasi, wanaume wenye kofia za shaba, na wote walishika upanga kwa mkono wa kushoto. Tangu siku hiyo, baba akitoka shambani, alichukua fimbo kwa kushoto akawafundisha wanawe vita vya wakubwa wale. Mkono wenyewe haukumtii. Alijigonga magoti, watoto wakacheka mpaka mbavu zikauma. Alipokufa hakuwaachia kingine.

Emérita alianika shuka, akapeleka chai barazani. Mezani palikuwa na kitabu cha picha cha sinema ile ile, ambacho Madamu alikinunua mlangoni pa sinema huko Ubelgiji kiwe ukumbusho. Askari wale wale. Upanga mkono wa kuume.

"Madamu, mbona hawa wanashika na kuume? Sisi tuliona kushoto."

Madamu akawatafsiria wageni. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

"Emérita, ninyi muliona mugongo ya sinema! Kwenu yote iko kinyume!"

Damu ilimchemka. Kumbe baba alijigonga magoti miaka yote kwa sababu ya shuka hili, na yeye ndiye analifua! Na binti yake, Thacienne, alikuwa ameoga tangu mchana akingoja.

"Madamu, leo mutoto yangu akae mbele. Chini tu, ku majani."

"Hapana. Nyuma njo nafasi yenu. Akikaa mumoja, kesho mutakuja wote."

"Ndiyo, Madamu."

Akarudi uani. Akaliangusha shuka kutoka kwenye kamba, akalitia katika karai la maji machafu, akalikanyaga kwa miguu yote miwili.

Jioni viti vilipojaa, alilileta likichuruzika.

"Uko na wazimu?"

"Leo hata watu ya mbele hawataona kitu, Madamu."

Alifukuzwa kazi pale pale. Wafanyakazi waliokwisha kusimama nyuma wakamlaani yeye, si Madamu, na hilo lilimkasirisha kuliko yote.

Njiani kuteremkia kwao Bihambwe, Thacienne alilia kwa kukosa sinema. Emérita akamweleza kisa chote, kisha akavunja kijiti, akampa.

"Shika na kushoto."

"Lakini Mama, si kitabu inaonyesha kuume?"

"Kitabu iko yao. Kushoto iko ya babu yako. Shika!"

Mtoto akafuta kamasi, akahamisha kijiti.