Alama za Penseli Kwenye Upinde wa Clement

Mwenye mtoto anayechonga vitu nyumbani asikilize haya yaliyompata Agustina wa Itiryo, na akishasikiliza akafukie vipande vyote vya chupa vilivyoko uani. Si kwa ajili ya mtoto. Ni kwa ajili yake mwenyewe.

Clement ni mtoto wa kwanza wa Agustina, kijana wa miaka ishirini na minne, anafanya kazi kambi ya watalii kule Natta. Mwaka huu alikuja likizo na fito sita za mti wa mkole mgongoni, zimekauka vizuri, akasema bosi wake anataka pinde sita. Wageni wakirudi kutoka kuangalia wanyama, jioni wawe wanalenga gunia la majani na kupigana picha.

Agustina aliposikia neno pinde tu, akaingiwa na hofu. Yeye ni mtu wa Tarime. Hakuogopa mshale, maana mshale unajulikana unakoelekea. Alikuwa na mjomba aliyebaki na jicho moja, na hakupigwa na mtu. Upinde wake mwenyewe ulimvunjikia mkononi akiujaribu nyuma ya nyumba, kibanzi kikamwingia.

"Hao wageni ni watu wa namna gani?" akamuuliza mwanawe.

"Wa kila namna, mama. Wengine hata panga hawajawahi kushika."

"Na ukimvunjikia mmoja usoni?"

"Hauvunjiki ukipinda sawasawa. Upinde unavunjika pale ambapo sehemu moja inafanya kazi na nyingine imelala. Ndiyo maana nimeleta vyombo."

Vyombo vyenyewe ungevikuta jikoni kwa mtu ungevitia motoni. Cha kwanza kilikuwa nguzo fupi yenye mapengo ya msumeno kuanzia juu mpaka chini. Unalaza upinde juu ya nguzo, unavuta kamba yake chini, unaishikiza kwenye pengo la kwanza, unasimama mbali kuangalia mikono yote miwili ya upinde inavyopinda. Ikiwa sawa, unashuka pengo la pili. Haiko sawa, hushuki. Clement aliiita ngazi. Cha pili kilikuwa kibao cha urefu wa kiganja, kimetobolewa katikati, na penseli imechomekwa kwenye tundu hilo. Cha tatu, kipande cha chupa cha kukwangulia.

Babu yake, mzee Waitara, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na ghala la mahindi. Huyo ujana wake wote alichonga pinde, na kati ya babu na mjukuu utani hauna mpaka.

"Mura," akamwita kijana, "hiyo penseli ni ya nini? Upinde unaenda darasa la pili?"

"Unafanya mtihani, babu."

"Mimi nilichonga pinde mia, sikununua hata daftari. Jicho hili hapa ndilo penseli yangu."

"Jicho hilo juzi lilimwita mbuzi Mama Rhoda," Bibi Wegesa, mke wa mzee, akadakia, naye alikuwa anapepeta ulezi. "Mume wangu Clement, endelea na kazi. Huyu mzee ana wivu, ameona nimepata kijana."

Agustina alicheka peke yake akiwa jikoni, kanga mdomoni. Kucheka waziwazi asingeweza. Kwa mila yao mke wa mtoto haongei na baba mkwe ana kwa ana, hapiti mbele yake, halitaji jina lake, na kitu kilicho mkononi mwa mzee hakigusi hata kingekuwa kinaungua. Miaka ishirini na mitano ameishi kwenye boma hilo, na kila neno lake kwa mzee limepitia kwa Bibi. Bibi naye hulifikisha akitaka, na akilifikisha huwa amelitia chumvi.

Siku tatu Clement alifanya kazi. Pinde tano zikashuka ngazi yote bila neno. Wa sita ndio ulikuwa mkaidi. Aliufikisha pengo la tatu, akapitisha kibao tumboni mwake, upande wa ndani, kuanzia kwenye mshikio mpaka nchani, penseli ikaandika hapa na pale kwenye mkono wa chini. Kisha akaulegeza, akauegemeza ukutani, akasema anaenda Tarime mjini, pale Nyamisangura, kununua uzi wa nailoni wa mafundi viatu.

"Ukirudi utaumaliza?" mama akauliza.

"Kesho. Mgongo unauma."

Hapo ndipo wazazi tunapoharibu. Mtoto akisema mgongo unauma, mama anatafuta cha kumsaidia.

Agustina aliuchukua ule upinde, akaukagua. Darasa la saba alimaliza, na alichokumbuka zaidi ni kalamu ya mwalimu. Mwalimu akipita na kalamu yake mahali, ujue hapo umepata, unaendelea na hesabu nyingine. Kwa hiyo pale penye penseli akapaona pameshapata. Pasipo na alama, karibu na katikati ya mkono wa chini, palikuwa peupe, pananung'unika kwa kusahauliwa. Maskini mwanangu, akasema, kachoka hata kalamu haikufika. Akachukua kipande cha chupa, akakaa chini, akakwangua. Alikwangua vizuri, kwa upendo, maganda membamba yakaanguka kama ya viazi. Akayafagia, akaurudisha upinde ukutani, akaenda kusonga ugali akiwa na furaha ya mtu aliyefanya jambo bila kuombwa.

Kesho yake asubuhi mume wake alikuwa ameenda mnadani. Clement alikuwa uani anafunga nyuzi mpya, pinde zote sita zimesimama ukutani. Babu akajivuta na kigoda chake mpaka karibu.

"Mura, hebu nieleze. Hicho kibao chako kinasoma nini ambacho mimi sikisomi?"

Clement alifurahi kuulizwa. "Angalia, babu. Upinde ukiwa umevutwa, tumbo lake linabonyea. Ukipitisha kibao, pale palipobonyea sana penseli haigusi, inapita hewani. Pale palipo pagumu, pamekataa kupinda, tumbo limenyooka, penseli inagusa, inaandika. Basi penye alama ndipo pa kukwangua, mpaka palegee kama wenzake."

"Na pasipo na alama?"

"Hapo hugusi kabisa. Hapo tayari pamelegea. Ukipakwangua unatengeneza kiwiko, na upinde hauna mfupa, babu. Siku ukivutwa wote unakatikia hapo hapo."

Jikoni, mwiko ulisimama katikati ya uji.

"Maneno matamu," Babu akasema. "Kumbe mnaenda shule mnajifunza kuogopa mti." Akainuka, akanyoosha mkono ukutani. Kati ya pinde sita, mkono wake ukashika ule wa sita. "Huu nao umefaulu?"

"Huo bado, babu. Umefika pengo la tatu tu."

"Mimi sina pengo. Nina meno manane, yananitosha. Kaa pembeni nikuonyeshe upinde unavyojaribiwa na mwanaume."

Clement akacheka, akasogea pembeni. Kwa yeye alivyojua, upinde ulikuwa mgumu tu. Babu angeuvuta nusu, angehema, wangemtania mpaka jioni. Aliyejua mengine alikuwa mtu mmoja, naye yuko jikoni.

Agustina akajitokeza mlangoni, macho chini. "Mama," akamwita Bibi, "mwambie baba ashushe huo upinde."

Bibi hakuacha kupepeta. "Mwache. Tangu Krismasi hajavuta kitu kizito kuliko blanketi."

"Mama, mwambie, nakuomba! Ni mbovu!"

"Mzee," Bibi akasema kwa sauti ya kuimba, "mke wa mwanao anasema umezeeka."

"Mwambie aje aone," Babu akajibu, akavaa kamba kwenye vidole. Akapanua miguu. Akainua upinde, akaanza kuvuta kuelekea shavuni.

"Clement!" Agustina akapiga kelele.

"Subiri mama, babu anavuta."

Mkono wa chini ukaanza kukunjika mahali pamoja. Agustina alipaona. Ni pale alipokaa jana akimenya kama viazi. Akaona pia jicho la mzee likiwa karibu na kamba, na nyuma ya jicho hilo akaona sura ya mjomba wake.

Hakukumbuka alivyotoka mlangoni. Alipita juu ya ungo wa Bibi, ulezi ukaruka, akapita mbele ya baba mkwe, akamshika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akaurudisha taratibu mpaka kamba ikalegea. Kisha akamnyang'anya upinde na kurudi nyuma nao hatua tatu.

Kuku waliokuwa wameanza kula ulezi wakasimama. Bibi alishika kichwa. Clement akamsogelea mama yake.

"Mama, umefanya nini?"

"Uweke kwenye ngazi yako," Agustina akasema. Sauti haikuwa yake. "Uuvute kwa kamba ndefu. Usisogee karibu."

Clement akaulaza juu ya nguzo, akafunga kamba ndefu, akaipitisha chini ya jiwe, akarudi nyuma mpaka kwenye banda la ng'ombe, akavuta. Pengo la kwanza. La pili. La tatu. Kabla ya la nne ukalia kama fimbo iliyopigwa mwambani. Mkono wa chini ukakatika, kipande kikaruka, kikachoma udongo wa ukuta wa ghala, urefu wa uso wa mtu aliyesimama. Kikabaki kimening'inia pale.

Clement alikwenda akaokota kilichobaki. Alikigeuza, akapitisha kidole pale palipokatika, akanusa mti mpya uliokwanguliwa.

"Nani amegusa hapa?"

Agustina angeweza kunyamaza. Pale uani hakukuwa na mtu aliyemwona, wa kumtaja.

"Mimi," akasema. "Nilidhani penseli inasema hapa pamepata. Nikakusaidia pale pasipo na alama." Machozi yakamtoka. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuonea huruma mgongo."

Clement hakujua acheke au akasirike. "Mama, si ungeniuliza?"

"Ndiyo hilo. Sikuuliza."

Wote wakamgeukia mzee. Alikuwa bado amesimama palepale, mikono mitupu, anaangalia kile kibanzi ukutani. Mke wa mtoto amemshika mkono mchana kweupe. Kwa jambo kama hilo wazee wa ukoo wanaweza kuitana, na mbuzi wa faini akatafutwa. Agustina alipiga magoti mbali, kanga usoni, akangoja.

Mzee Waitara akakohoa. Akakaa kwenye kigoda. Akajipapasa nyusi, moja, kisha ya pili.

"Wegesa," akamwita mke wake, "ni nani amechukua ule upinde mkononi mwangu?"

Bibi alishangaa. "Wewe hukumwona?"

"Ningemwonaje? Mimi nikivuta upinde nafumba macho."

"Yote mawili?"

"Yote. Tangu ujana. Sikuona mtu, sikusikia mtu. Kama kuna mtu alipita hapa, ni shauri lake."

Bibi alimtazama mzee wake wa miaka hamsini na mbili ya ndoa. Kisha akaanza kucheka, cheko la tumboni, akashika mbavu.

"Mnasikia, watu wa Itiryo! Fundi wa pinde mia! Mwenye jicho la penseli! Kumbe alikuwa anarusha mishale kama kipofu, na sisi tunapika nyama tukimsifu!"

"Cheka tu," Babu akasema, akiangalia upande wa barabara. "Na umwambie huyo mtu ambaye sikumwona, uji wake unaungua."