Diski Mpya ya Injinia

Mwanangu wa pili jina la Injinia alilipata utotoni. Alifungua redio ya baba yake, akaifunga, skrubu zikabaki mkononi, na redio ikaendelea kuimba kama kawaida. Tulicheka, tukamsifu mbele ya wageni, naye akalishika lile jina kama mtu aliyepewa cheti. Leo ni mtunza stoo kwenye ghala la saruji, ana mke na watoto wanaosoma, lakini mtu akisema tu kwamba kitu fulani kimeharibika, huyo anakunja mikono ya shati.

Mkewe ni mpiga video wa harusi. Kupiga ni kazi ya siku moja. Kazi yenyewe inaanzia nyumbani, kwenye chumba cha mbele, ambako ana meza, kompyuta, na lile sanduku jeusi la kompyuta linalokaa sakafuni na kunguruma kama paka aliyeshiba. Hukaa pale na vile vidude vya masikioni, anakata, anaunga. Wakati mwingine huniita. "Mama, hebu njoo. Huyu mjomba anayepiga miayo watu wakila viapo, nimkate au nimwache?" Namwambia amwache, ajione mwenyewe. Tunacheka. Mimi na mkamwana wangu hatujawahi kugombana, na sitaki kusema ni kwa sababu mimi ni mwema. Ni kwa sababu anafanya kazi yake, nami namwacha aifanye.

Siku hiyo mama wa bibi harusi mmoja alikuwa aje alasiri kuchukua video ya bintiye. Maharusi walikuwa wanasafiri jioni hiyo hiyo kwenda kuishi ng'ambo, na binti alikuwa ameapa kwamba hapandi ndege bila harusi yake mkononi. Mkamwana alikuwa ameshaimaliza. Ilibaki kuihamishia kwenye flashi tu. Asubuhi akatoka kwenda kuchapisha picha ya jalada.

Hata hajafika kona ya barabara, Injinia akaingia chumba cha mbele na kimfuko.

"Mama, leo namfanyia mwenzangu jambo. Si kila siku analia kompyuta imejaa? Nimemletea diski ya kuweka ndani. Kubwa."

Nilifurahi, sikatai. Mwanamume kumkumbuka mkewe si jambo la kila Jumapili. Akalilaza lile sanduku ubavu juu ya mkeka wangu, bila kuuliza, akafungua bati la pembeni kwa bisibisi, vumbi likatoka kama la mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa nashona pindo la sketi ya mjukuu. Nikasogea.

Akaifunga diski yake, akawasha. Kompyuta ikaamka vizuri tu, lakini diski mpya haikuonekana. Akazima, akachungulia, akakaza skrubu, akawasha tena. Haikuonekana. Akaanza kuitukana chinichini kama anayemsukuma ng'ombe aliyegoma. Mwisho akampigia rafiki yake, muuza kompyuta za mtumba, wanamwita Spana, akaiweka simu kwenye spika.

"Inapata umeme?" Spana akauliza.

"Sioni waya uliobaki."

"Basi tafuta waya, ndugu yangu. Diski bila umeme ni tofali."

Injinia akaingiza kichwa ndani ya sanduku, akafanya alichofanya, akatoka anatabasamu. Safari hii kompyuta ilipoamka iliiona, ikauliza kitu kwenye kioo.

"Inauliza kama uiandae," Spana akasema. "Kubali."

Akakubali. Akaipa jina Mpya. Kisha akatoa flashi mfukoni, akaanza kuimwagia filamu zake za ngumi na mechi za mpira zilizochezwa zamani, ambazo matokeo yake anayajua hata usingizini.

Nikamuuliza, "Si ulisema ni ya mwenzako?"

"Nafasi ni kubwa, Mama. Tutagawana."

Nikarudi kwenye pindo langu. Hasira zangu si za nyasi, ni za makaa. Haziwaki upesi, lakini mtu asizikalie.

Mkamwana aliporudi na picha zake kwenye bahasha, alisimama mlangoni akalitazama sanduku likiwa wazi.

"Nani kafungua?"

"Karibu, mama watoto. Keti uone mumeo alichokufanyia."

Hakuketi. Aliinama kwenye kioo, akashika kipanya, akatafuta. Kazi zake zote huziweka kwenye diski ya peke yake, si ile inayoiwasha kompyuta, na ameipa jina Kazi. Hata mimi nilizoea kuliona lile jina pembeni kila aliponiita kutazama. Sasa lilikuwa halipo. Palikuwa na Mpya, na ndani ya Mpya wanaume wanapigana ngumi.

"Kazi iko wapi?"

"Iko humo humo."

"Humo wapi? Nionyeshe."

Injinia akachukua kipanya, akafungua hiki, akafunga kile. Jasho likaanza kumtoka shingoni. "Labda uliihamisha ukasahau," akasema.

"Mimi nisahau?" Hakupandisha sauti. Angeipandisha nisingeogopa kama nilivyoogopa. "Nimeondoka hapa kila kitu kipo. Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu chako. Nimeongeza tu."

"Sogea nitazame ndani."

"Hapana. Humo kuna umeme, utaunguza kitu. Hili sanduku nalijua mimi."

"Kama unalijua, niambie kazi yangu iko wapi."

Badala ya kumjibu akampigia tena Spana. Yule akasikiliza, kisha akacheka kama mtu ambaye hasara si yake.

"Hiyo ya zamani imekufa, kaka. Diski hufa hata bila kuugua. Ichomoe uniletee, nikupe spika nzuri badala yake."

"Ina vitu vya shemeji yako."

"Vitu vya maiti vya kazi gani? Mwambie shemeji asilie, harusi zipo kila wiki. Atapiga nyingine."

Mkamwana akaichukua simu mkononi mwa mumewe. "Shemeji," akasema, "harusi ya mtu hairudiwi." Akakata.

Hapo ndipo Injinia angeweza kusema pole. Nilikuwa namtazama, namwombea alitamke. Hakulitamka. Alizima mashine, akapiga magoti, akaifungua ile diski ya zamani, akaitia kwenye kimfuko kile kile alicholetea mpya, akasimama.

"Naipeleka kwa Spana aitazame."

"Huipeleki," mkewe akasema. Alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Imekufa!"

"Ikiwa imekufa, nitaizika mwenyewe. Nipe."

"Unaniaibisha mbele ya mama yangu."

"Mama yako amekaa hapo tangu asubuhi. Kaona yote."

"Tatizo lako hunikubali," Injinia akasema, na sasa alikuwa anaongea kama anahutubia ghala zima. "Mtu anakuletea zawadi, wewe unamkaripia kama mtoto. Kwa ajili ya nini? Kwa mchezo wako huu wa kukatakata picha za watu."

Mchezo. Nililisikia neno lile likiniingia, sindano ikanichoma kidole, na wala sikuitazama.

"Mwanangu," nikasema, "weka huo mfuko mezani."

"Mama, usiingilie mambo ya mke na mume."

"Umelaza sanduku la mwenzako juu ya mkeka wangu. Hapo ndipo nilipoingia. Weka."

Hakuweka. Nikainuka. Magoti yangu yalilia, na mimi nikayaacha yalie.

"Ghala lenu lilipofungwa ukakaa nyumbani unahesabu mabati ya dari, mchezo huu ndio uliopika. Ukuta wa uani ulipolala na mvua, mchezo huu ndio uliouinua. Wanao wanavaa mchezo huu kwenda shule. Na wewe uliula kila siku, ukanyoosha sahani kuomba nyongeza, sikukusikia hata mara moja ukisema Mama, mimi sili mchezo. Leo unautia kwenye mfuko wa nailoni ukaubadilishe na spika?"

"Mama, sikuwa na maana hiyo."

"Nimekusikia ulichosema. Maana kaa nayo. Mfuko weka mezani."

Akaweka. Aliuweka kwa kishindo kidogo, ili ajulikane kwamba naye ana hasira. Mkamwana alifumba macho pale ulipogonga.

Kisha akaja, akapiga magoti kwenye mkeka, akaitoa diski yake kama anayemtoa mtoto kwenye beseni. Akatazama ndani ya sanduku kwa muda.

"Waya wake wa umeme uko wapi?"

Akapapasa ndani kwa vidole.

"Ulikuwa hapa. Uko wapi?"

Injinia akaonyesha kwa kidevu. Ulikuwa umechomekwa kwenye diski mpya.

"Nyaya hazikutosha," akasema. "Mpya haina waya, nikaipa wa hiyo. Ya zamani si kompyuta inaijua tayari? Nikaona ni kama mgeni akija. Mtoto wa nyumbani anampisha kiti, lakini hatoki nyumbani kwa kukosa kiti."

Sasa hayo ni maneno ya nyumba hii, siwezi kuyakana. Viti vilikuwa vichache, watoto walikuwa wengi, na mgeni akigonga walikuwa wanaruka chini kabla sijafumbua mdomo. Ila sikujua kwamba mtu mzima anaweza kulichukua jambo la viti akaenda kulichomeka kwenye mashine.

"Mtoto akikosa kiti anakaa chini," mkamwana akasema. "Hii ikikosa umeme haipo. Ungenieleza ulichofanya, ningekwambia hapo hapo." Akaiweka diski magotini. "Nilikuuliza umegusa nini. Ulikuwa unajua umegusa nini. Ukaniambia labda nimesahau."

Injinia akatazama ukutani.

"Na kile ulichokubali kwenye kioo? Ulikubali kabla ya kuhamisha waya au baadaye?"

"Sikumbuki vizuri."

Nikaona rangi ikimtoka mkamwana. Hata mimi nilielewa: kama aliandaa diski isiyo yenyewe, basi alikuwa ameifuta.

"Baadaye," nikasema. "Kabla ya waya hakuna kilichoulizwa. Nilikuwa hapa."

"Una hakika, Mama?"

"Nina hakika. Alikuwa bado anatukana."

Akauchomoa ule waya kwenye mpya, akaurudisha kwa mwenyewe, akaichomeka na waya wake mwingine, ule unaopitisha picha. Hakukaza hata skrubu moja. Alibonyeza kitufe, tukangoja. Nimewahi kungoja majibu ya hospitali, nimengoja watoto warudi siku ya fujo, lakini sikujua mtu anaweza kungoja sanduku hivyo. Feni ikazunguka. Kioo kikawaka. Pembeni, mahali pake pa siku zote, pakaandikwa Kazi.

Hakushangilia. Aliifungua ile harusi, akatazama kipande cha mwanzo, akaruka katikati, akatazama kipande cha mwisho, akachomeka flashi na kuanza kuihamisha. Injinia alisema, "Si unaona, haijafa," kisha akatoka uani.

Mama wa bibi harusi alifika amechoka na kuaga kwa bintiye. Aliketi, akapokea flashi, akaipenda picha ya jalada, akafuta machozi kwa pembe ya mtandio, akatuombea heri. "Mbona nyumba yenu imetulia hivi?" akauliza.

"Tunapumzika," nikamwambia.

Alipoondoka, Injinia akarudi. Uso ulikuwa umeoshwa.

"Haya, imekwenda salama," akasema. "Sasa kesho nitatafuta waya wa kugawa umeme, yangu nayo ikae humo."

"Yako?" Mkewe alikuwa anafunga lile bati la pembeni, skrubu kwa skrubu. "Asubuhi ilikuwa zawadi yangu. Imekuwa yako saa ngapi?"

"Ni msemo tu."

Mkewe akafunga skrubu ya mwisho, akaniangalia. "Mama, chumba chako kina kufuli?"

"Kina, na ufunguo ninao mimi."

"Naomba kona moja ya kuweka meza."

"Chukua ya dirishani, kuna mwanga. Kitanda nitakivuta upande wa pili."

"Mnahama nini tena?" Injinia akasema. "Kumeharibika nini? Si kila kitu kimerudi?"

"Kimerudi kwa sababu alisimama mlangoni," nikamwambia. "Angechelewa huko kwenye picha zake kidogo tu, kingekuwa kwa Spana, na wewe ungekuwa unasikiliza muziki."

Akaketi kwenye kochi.

Tulianza na vitu vidogo. Mimi nilibeba kibodi na vidude vya masikioni, yeye akabeba kioo, kisha lile sanduku, amelikumbatia kifuani. Diski mpya aliitoa mezani akaiweka juu ya kochi, pembeni ya mumewe, bila neno. Ikabaki meza. Tukaishika, mimi huku na yeye kule, tukaifikisha kwenye mlango wangu. Haikupita. Tukaigeuza ubavu, haikupita. Mgongo wangu ukaanza kunidai.

Injinia alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono ya shati ameshaikunja. Alikuwa anangoja kuombwa. Nilimwona, na najua mkewe alimwona, maana pumzi yake ilikuwa inatufikia.

"Iweke chini kidogo, Mama," mkamwana akasema. Akapita kando ya mumewe kama mtu anayepita kando ya kabati, akaenda kuchukua bisibisi, akarudi, akaipindua meza na kuanza kuifungua miguu.