Mkono wa Kushoto wa Arlene

Kiharusi kilimpiga mke wangu Arlene wakati wa mavuno ya mahindi, kikaua mkono wa kulia. Mkono huo ndio uliotuletea vikombe vyote vilivyo juu ya kabati, maana kwenye mashindano yetu ya shabaha hapa Nebraska mtu hulenga kwa mkono mmoja tu, wa pili ukikaa mfukoni. Daktari alimwambia ashukuru kwamba anatembea. Akamjibu kwamba hata kuku hutembea.

Klabu yetu ya shabaha ilikuwa ipange timu Jumamosi iliyokuwa inakuja. Njiani kwenda duka la bastola Arlene aliniambia wazi kwamba akikosa leo bastola ya kumkaa mkono wa kushoto, atajitoa klabuni na bastola zake zote niziuze. Niliendelea kuendesha gari. Ndoa imenifundisha hivyo.

Mwenye duka, Dwight Hruska, nimecheza naye tangu utotoni, na huruma yake haijawahi kumtoka mdomoni. Alipomwona Arlene anaburuta mguu alisema, "Shemeji, mbona kimya? Nilidhani mmezika bila kuniita."

"Tungekuita ungemaliza chakula," Arlene akamjibu, akaegemea kaunta.

Dwight akaanza kumtolea bastola, kila moja akiifungua kwanza na kumwonyesha kwamba haina risasi. Na kila mara Arlene aliomba ruhusa kabla ya kuvuta triga. Kwetu, anayevuta triga ya mwenzake bila kuuliza hana tofauti na anayefunua sufuria jikoni kwa watu.

Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, kama wanazobeba polisi. Mshikio wake mnene, vidole vya Arlene havikuuzunguka, na triga yake laini inavutika bila kukuambia itaachia wapi. Akasema ni kama kukamua ng'ombe aliyekauka. Ya pili, revolva yenye silinda inayozunguka, ilimpendeza kwa ulaini, ila triga yake ni ndefu na nzito, na kabla haijafika mwisho mtutu ulikuwa unacheza. Akairudisha juu ya kaunta. Nikaona kidevu chake kinakaza, nikaogopa.

Ndipo Dwight akatoa bastola kuukuu ya chuma, kazi ya Wacheki, watu wa babu yake. Mshikio mwembamba ulitulia kiganjani kama uliumbwa humo. Arlene akavuta triga, akafumba macho, akavuta tena.

"Kuna kachangarawe humu," akasema. "Karibu na mwisho."

Nikavuta mimi, sikuhisi kitu. Dwight naye akavuta, akasema shemeji ameanza kuota mchana. Hata hivyo aliifungua, akavaa miwani yake ya kukuzia, akaichunguza. Kwenye kichuma kinachoachiwa na triga palikuwa na kijino chembamba kuliko unywele. Alikisugua kwa jiwe la kunolea lenye mafuta, akairudisha bila utani wowote, na Dwight kukosa utani ni jambo la kuandikwa ukutani. Mkono uliokisikia kijino kile ulikuwa haujawahi kulenga bastola kabla ya siku hiyo.

Arlene akavuta. Triga ikaachia safi, kama kijiti kikavu kinapovunjika. Nikaweka sarafu juu ya mtutu, akavuta tena, sarafu isitikisike.

Lakini bastola tupu haimtishi mtu. Sote watatu tulijua kilichomshusha Arlene kwenye mashindano miaka ya mwisho kabla ya kiharusi, na hakuna aliyekitaja: mkono wake wa kulia ulikuwa umejifunza kuogopa mshindo. Kabla risasi haijatoka ulikuwa unainamisha mtutu, na ugonjwa huo umewastaafisha mabingwa wengi. Dawa ya kuufichua ni moja. Mwenzako anakujazia bastola, risasi za kweli zikichanganywa na za bandia, nawe hujui ipi inafuata. Ikija ya bandia, mtutu unainama bila mshindo wowote, na mkono mwoga unaumbuka.

Tukaenda uwanjani nyuma ya duka, nikamjazia nikiwa nimempa mgongo. Akapiga, ikalia. Akapiga tena, ikalia. Ya tatu ikasema ta, kavu, na mtutu haukusogea hata kidogo. Ulibaki pale pale, unaitazama shabaha. Nilijaza upya na kuchanganya ovyo makusudi, na mambo yakawa yale yale. Miaka yote nimeishi na wapiga shabaha, sijaona utulivu wa namna ile.

Dwight alivua kofia.

"Huu hauogopi, Merle," Arlene akaniambia. "Hakuna aliyewahi kuufundisha."

Akaiweka bastola mezani. Kwa mkono wa kushoto akauinua ule wa kulia, akautia mfukoni polepole, mahali pa mkono usiolenga. Kisha akaniambia nijaze tena.