Hiyo Hatujasoma

Mwalimu alimfundisha binti yake kama alivyowafundisha watoto wote wa darasa la pili: kwa kurudia. Walijifungia jikoni, sauti ya redio juu ili bibi asisikie.

"Sema tena."

"Baba mdogo aliniita chumbani kwake. Alifunga mlango. Alinishika pasipostahili. Akasema nikisema ataniua."

"Usimung'unye maneno, Kidoti. Sauti!"

Kila neno lilikuwa kweli. Kidoti mwenyewe alikuwa amemweleza mama yake, vipande vipande, akilia, siku aliyokataa kuvua sare ili aoge. Mwalimu alivipanga tu hivyo vipande. Sasa shemeji yake alikuwa mahabusu na polisi walikuwa wamesema wazi: kila kitu kinategemea atakachosema mtoto mbele ya mshauri wa watoto. Bila hivyo, kijana anarudi nyumbani. Na nyumba ni ya bibi, mama mzazi wa kijana huyo, ambaye kila asubuhi alibeba chakula cha mahabusu na kusema kwa sauti, "Wengine wamesomea kufundisha, wengine kufunga watoto wa wenzao."

Chumba cha mshauri kilikuwa na mkeka, wanasesere wawili walionyofoka nywele na kopo la penseli za rangi. Mshauri alivua viatu, akakaa chini. Soksi yake ilikuwa na tundu kidoleni.

"Mama, kaa kule pembeni. Hata akikwama, usimsaidie."

"Sawa."

"Haya, mrembo. Huyu mwanasesere tumwite nani?"

Kidoti alisimama wima, mikono nyuma. "Baba mdogo aliniita chumbani kwake. Alifunga mlango. Alinishika pasipostahili..."

Alimaliza bila kukosea. Mwalimu alishusha pumzi.

"Pasipostahili ni wapi, mwanangu?"

Kidoti alikodolea macho ile soksi yenye tundu.

"Kabla hajafunga mlango, mlikuwa mnafanya nini?"

Kidoti aligeuka kumtazama mama yake. "Mama, hiyo hatujasoma."

Kwenye korido mshauri aliongea polepole. "Umemkaririsha."

"Nimempanga! Angekwama."

"Wote hukwama, mama. Wakikwama ndipo wanapoaminiwa. Sasa wakili akimuuliza nani alikwambia useme hivi, atajibu nini?"

Mwalimu aligeukia mlango wa chumba alimobaki Kidoti.

"Wewe unamwamini?" aliuliza.

"Namwamini sana. Lakini siwezi kuandika ambacho hakukisema yeye."

Walirudi tena na tena. Mshauri alijaribu michoro, akajaribu hadithi, akajaribu kukaa naye kimya tu. Kila alipokaribia jambo lile, Kidoti aliinuka, mikono nyuma, na sentensi zilezile zikatoka. Nyuma ya sentensi hizo hapakuwa na kitu kingine cha kushika.

Shemeji alirudi mchana, mfuko wa nguo mkononi. Bibi alikuwa ameshafua mashuka yake. Mume wa Mwalimu alitazama chini. "Sasa mimi nifanyeje? Nimfukuze ndugu yangu kwa mama yetu?"

"Shemeji, habari za siku nyingi?" kijana alisema, akatabasamu, akapita kwenda kuoga.

Jikoni, Kidoti alikuwa amejibana kati ya ukuta na ndoo. Alisubiri mpaka maji yaanze kumwagika bafuni.

"Mama," alinong'ona, "nilikosa ngapi?"

"Hukukosa hata moja."

"Sasa mbona amerudi?"

Mwalimu alifunga mlango wa jikoni kwa komeo, akaegemea hapo kwa mgongo wake wote.